Ava Gardner, mwanamke aliyelishwa maneno

Kuna filamu ya mwaka 1953 iitwayo Mogambo, na kampuni ya MGM iliyoitoa iliwaambia watazamaji wa Marekani kwamba jina hilo ni neno la Kiswahili lenye maana ya mapenzi makali. Nilipolisoma jambo hilo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kisha nikaanza kulitafuta. Kiswahili ninachokijua kina mgambo, yaani lile tangazo la hadhara ambalo mbiu yake, tuliambiwa tangu utotoni, ikilia kuna jambo. Tena kina mgambo wa siku hizi, wale vijana wenye sare wanaofukuzana na wamachinga. Bibi yangu, ambaye Kihaya chake hakikuwahi kuchanganyika na lugha nyingine, alisema okugamba akimaanisha kusema, na majirani zetu Waganda wanacho kitenzi hichohicho, na neno lenyewe huliita ekigambo. Kote huko mapenzi hayamo. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mtayarishaji wa filamu hiyo, Sam Zimbalist, alichukua jina la klabu ya usiku ya Hollywood iliyoitwa Mocambo, akabadilisha herufi moja, na Kiswahili kikasingiziwa.

Mwigizaji aliyeibeba filamu hiyo mabegani mwake ni Ava Gardner. Nimemfuatilia kwa miaka kadhaa sasa, na kadiri ninavyomsoma ndivyo ninavyozidi kuona kwamba yaliyolipata neno lile ndiyo yaliyompata yeye: walimtwaa, wakampa maana waliyoitaka wao, wakamtilia sauti ya mtu mwingine, na hata wakamlisha maneno ambayo hakuyatamka. Wengi wanaomkumbuka humkumbuka kwa uso wake na kwa kuwa aliwahi kuwa mke wa mwimbaji Frank Sinatra. Mimi nataka kumzungumzia kama mwigizaji, na zaidi ya yote nataka kuizungumzia sauti yake.

Alizaliwa tarehe 24 Desemba 1922 katika kitongoji cha Grabtown, karibu na mji mdogo wa Smithfield katika jimbo la North Carolina, akiwa kitindamimba wa watoto saba wa Jonas na Mollie Gardner. Wazazi wake walilima tumbaku na pamba. Msomaji aliyekulia Urambo au Sikonge hahitaji kuelezwa maana ya kuwa mtoto wa mkulima wa tumbaku: ule utomvu unaonata vidoleni hadi ukawa mweusi, na ile hesabu ya mwisho wa msimu ambayo mara nyingi humwacha mkulima alipoanzia. Familia ilipopoteza mali yake, mama akapata kazi ya kusimamia nyumba ya kulala walimu wa shule ya jirani, akiwapikia na kuwafulia, na Ava akakulia humo miongoni mwa walimu, akitembea peku kila alipoweza. Baadaye walihamia Newport News, katika jimbo la Virginia, ambako alisimulia kwamba wanafunzi wenzake wa mjini walimcheka kwa lafudhi yake ya shamba. Baba yake alifariki mwaka 1938, binti akiwa na umri wa miaka 15. Mama akarudi North Carolina kusimamia bweni jingine la walimu, na Ava akamaliza shule ya sekondari ya Rock Ridge, kisha akaanza kujifunza kazi za ukatibu mahsusi katika chuo kimoja mjini Wilson. Matarajio yake yalikuwa mashine ya chapa na mshahara wa ofisini.

Kilichomtoa huko ni picha moja. Dada yake mkubwa, Beatrice, ambaye nyumbani waliita Bappie, alikuwa ameolewa New York na mpiga picha aliyeitwa Larry Tarr. Ava alipokwenda kumtembelea, shemeji alimpiga picha, akaiweka dirishani mwa studio yake kwenye barabara ya Fifth Avenue. Karani mmoja kijana wa kampuni ya Loew's, iliyomiliki MGM, alipita pale akaiona, na kwa kuwa shabaha yake ilikuwa kumpata msichana mwenyewe, akajifanya mtu wa kutafuta vipaji. Msichana hakumpata. Picha, hata hivyo, zilifika ofisi za MGM, na mwaka 1941 binti wa miaka 18 akaitwa kufanyiwa majaribio mbele ya kamera.

Hapa ndipo kisa cha sauti kinapoanza. Majaribio yaliyotumwa Hollywood yalikuwa ya picha bila sauti, kwa sababu watu wa New York hawakuweza kumwelewa anasema nini, jinsi lafudhi yake ilivyokuwa nzito. Walimwambia akae, asimame, atembee, ahamishe chombo cha maua mezani. Inasimuliwa kwamba Louis B. Mayer, mkuu wa studio, alipoiona filamu hiyo alisema binti huyu hawezi kuimba, hawezi kuigiza, hawezi kuongea, ila ni wa ajabu. Kisa hiki hurudiwa kila mahali kama utani, lakini mimi naona kilikuwa waraka wa kazi: tumenunua uso, mengineyo tutayaongeza wenyewe.

Mkataba ulikuwa wa miaka saba, kwa dola 50 kwa wiki. Mikataba ya namna hiyo ilikuwa na upande mmoja tu wenye uhuru. Studio iliweza kuuvunja kila kipindi kilipoisha, iliweza kumwazima mwigizaji kwa studio nyingine na kuchukua faida, na iliweza kumsimamisha bila malipo akikataa kazi. Mwigizaji mwenyewe hakuweza kuondoka. Wakampeleka kwa mwalimu wa matamshi aondoe lafudhi, na kwa mwalimu wa uigizaji, Lillian Burns, apewe nyingine. Kwa karibu miaka mitano alionekana pembezoni mwa filamu: msichana wa kofia, msichana wa hotelini, jina lake mara nyingi halimo kwenye orodha. Alipigwa picha nyingi za matangazo akiwa ufukweni kuliko alivyopewa mistari ya kusema.

Ndoa mbili za mwanzo nitazipita haraka, maana zimeandikwa sana na watu wanaopenda habari hizo. Mwaka 1942 aliolewa na Mickey Rooney, nyota mkubwa wa MGM wakati huo, na ndoa haikudumu. Talaka ilikamilika Mei 1943, mwezi uleule ambao mama yake alifariki kwa saratani. Mwaka 1945 aliolewa na mwanamuziki Artie Shaw, mtu mwenye vitabu vingi na subira kidogo, aliyemfanya ajione mjinga kiasi kwamba akajiandikisha kusoma kozi za ziada katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles. Ndoa hiyo nayo ilikwisha ndani ya mwaka mmoja hivi. Kujiona mjinga kulibaki. Hadi uzeeni alikuwa akiwaambia watu kwamba hajui kuigiza, na watu, kwa bahati mbaya, walimwamini.

Nawaomba wanaomwamini waitazame The Killers ya mwaka 1946, iliyoongozwa na Robert Siodmak kutokana na hadithi fupi ya Ernest Hemingway. MGM ilimwazima kwa studio ya Universal, na huko, nje ya nyumba iliyomlea, akapata nafasi ya kwanza ya maana. Sikilizeni tukio la karamu. Burt Lancaster, ambaye ilikuwa filamu yake ya kwanza, anaingia akiwa na msichana wake; yeye ni bondia mwenye mkono uliovunjika na maisha yasiyo na mwelekeo. Ava yuko kando ya piano amevaa gauni jeusi la satini lenye mkanda wa bega moja, na mwanzoni hafanyi lolote. Amewapa mgongo, anazungumza na mtu. Kisha anaanza kuimba, kwa sauti ndogo, karibu ya kunong'ona, bila kumtazama yeyote. Lancaster anasimama kando ya taa kana kwamba amesahau alikokuwa akienda. Msichana aliyekuja naye anaona kila kitu, na anajua kwamba ameshapoteza. Ava haimbi kama mwimbaji. Anaimba kama mtu anayejua kwamba hana haja ya kupaza sauti. Na sauti ile ni yake mwenyewe. Miaka mitano baadaye, studio yake haikumruhusu tena.

Filamu hiyo ya miaka mitano baadaye ni Show Boat ya mwaka 1951, na inanibidi nikae kwayo kidogo, kwa sababu ndani yake dhuluma ni mbili. Ava aliigiza Julie LaVerne, mwimbaji wa kwenye meli ya maonyesho katika Mto Mississippi, ambaye watu wote wanamdhani mzungu hadi inapogunduliwa kwamba ana damu ya watu weusi. Kwa sheria za majimbo ya kusini ndoa yake na mzungu ni kosa la jinai, naye anafukuzwa kazini. Aliyestahili nafasi hiyo kwa kila kipimo alikuwa Lena Horne, mwimbaji mweusi aliyekuwa na mkataba na MGM yenyewe, na aliyekwisha kuigiza Julie katika kipande kifupi ndani ya filamu nyingine ya studio hiyo mwaka 1946. Lakini Hollywood ya wakati huo haikukubali mwanamke mweusi aonyeshwe akipendana na mwanamume mweupe, hata pale hadithi yenyewe ilipomhitaji mwanamke mwenye damu nyeusi. Nafasi akapewa mzungu. Horne alisimulia baadaye kwamba hata poda ya rangi waliyompaka Ava ni ile iliyotengenezwa kwa ajili yake yeye. Wanawake hao wawili walikuwa marafiki, na walibaki marafiki.

Hiyo ni dhuluma ya kwanza. Ya pili ni ndogo ukiilinganisha, lakini inamhusu Ava moja kwa moja. Alifanya mazoezi ya nyimbo za Julie kwa bidii, akazirekodi, akaigiza akiamini zitatumika. Studio ikazitoa, ikamweka mwimbaji mwingine, Annette Warren, na watazamaji wakamsikia Warren huku wakiitazama midomo ya Ava. Kwenye sahani ya santuri iliyouzwa madukani, hata hivyo, ilimlazimu kuimba yeye, kwa kuwa jina lake ndilo lililouza. Kwa hiyo mtu aliyetoka sinemani akanunua santuri ile alikuta nyumbani sauti nyingine kabisa. Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea sauti kuwekwa juu ya picha. Tumekulia vibanda umiza, ambako mtafsiri mmoja huwaongelea mashujaa wote wa Hong Kong na Hollywood na hatujali. Tofauti ni kwamba pale kibandani hakuna anayedanganywa.

Novemba mwaka huohuo wa 1951 aliolewa na Frank Sinatra mjini Philadelphia, baada ya kashfa ya magazeti iliyodumu miaka miwili, maana Sinatra alikuwa mume wa mtu. Ava alikuwa akipanda, na Sinatra, wakati huo, alikuwa akishuka: sauti ilimletea shida, mikataba ilikuwa imekatika. Mwaka mmoja baada ya harusi wakaja wote wawili Nairobi, mke akiwa kazini na mume akiwa hana kazi.

Walifika Novemba 1952. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba, Jomo Kenyatta na wenzake walikuwa wamekamatwa usiku uleule, na vita vya Mau Mau vilikuwa ndiyo vinaanza kuchukua sura yake. Katikati ya hayo MGM ilileta msafara mkubwa wa mahema, malori na ndege, chini ya mwindaji Mwingereza Frank Allen, maarufu kwa jina la Bunny, ambaye uzee wake aliumalizia Lamu. Filamu yenyewe haisemi neno kuhusu hali ile. Waafrika wamo, wanabeba mizigo, wanapiga makasia, wanatisha panapotakiwa watishe, majina hawana. Hata hivyo kuna kitu nilichokiona kwenye maandishi ya mwanzo nikasimamisha picha ili nisome vizuri: shukrani kwa Wasamburu wa Kenya, Wagenia wa Kongo ya Wabelgiji, Bahaya wa Tanganyika, na Wambeti wa Afrika ya Ikweta ya Wafaransa. Bahaya! Kambi mojawapo ilikuwa kwenye Mto Kagera. Filamu ile haina muziki wa okestra. Unaosikika ni ngoma na nyimbo za wenyeji, pamoja na piano linalojipiga lenyewe mle nyumbani mwa mwindaji. Niseme kwa haki kwamba kwa studio ya mwaka 1953 uamuzi huo ulikuwa wa kijasiri, na kwamba mtazamaji wa Kagera ana haki ya kusogeza kiti karibu na spika.

Mwongozaji alikuwa John Ford. Hadithi ilikuwa ya zamani: filamu ya Red Dust ya mwaka 1932, ambayo Clark Gable alikuwa ameigiza akiwa kijana, ikahamishiwa Afrika na kumrudisha Gable huyohuyo akiwa na miaka 51. Ava alisimulia kwamba aliiona ile ya kwanza akiwa mtoto, pamoja na mama yake aliyempenda sana Gable. Sasa yeye ndiye aliyekuwa mbele ya Gable, akiigiza mwanamke wa starehe kutoka New York aitwaye Kelly, aliyeachwa kambini baada ya tajiri aliyemwalika kutotokea. Mpinzani wake katika hadithi, mke wa mtafiti wa Kiingereza, aliigizwa na Grace Kelly, aliyetimiza miaka 23 akiwa hukuhuku.

Ukitaka kujua kwamba Ava alikuwa mwigizaji, mtazame akiwa na wanyama. Kuna mahali Kelly, yaani Ava, anawalisha ndovu wachanga, akiwaongelesha kama mtu anayewagombeza wadogo zake, na mmoja wao anamsukuma hadi anaanguka kwenye tope. Hakuna urembo wa studio hapo. Nywele zimelowa, matope yamefika kiunoni, na anachofanya ni kukasirika kwa namna ya mtu aliyekulia shambani, hasira isiyo na kinyongo, kwa sababu mnyama ni mnyama. Kisha tazama mezani jioni, Gable anapoanza kumwangalia mke wa mwenzake. Kelly ameshajua. Anatoa utani mmoja, wa pili, na macho hayamo kwenye utani. Ford, ambaye mwanzoni alimkaribisha kwa ukali, alikuja kumheshimu, na ninaamini alikuwa amegundua ambacho walimu wa matamshi hawakukitafuta: mwanamke huyu anapoachwa aongee apendavyo, anachekesha na anaumiza kwa pumzi moja.

Nyuma ya kamera mambo yalikuwa magumu. Msaidizi wa mwongozaji alikufa katika ajali ya gari. Katikati ya kazi Ava alisafiri kwenda London kutoa mimba, jambo alilolieleza mwenyewe katika kitabu chake cha maisha bila kujitetea na bila kujipamba. Sinatra aliitwa Hollywood kufanya majaribio ya nafasi katika From Here to Eternity, nafasi ambayo Ava mwenyewe alikuwa amembembelezea kwa wakubwa wa studio, kisha akarudi kusubiri majibu. Tarehe 24 Desemba 1952, Ava, akiwa kambini, alitimiza miaka 30.

Machi 1954 zilitolewa tuzo za Oscar. Ava alikuwa ameteuliwa kwa ajili ya Mogambo, kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani, na Audrey Hepburn akaichukua. Usiku uleule Sinatra alishinda tuzo ya mwigizaji msaidizi kwa nafasi ile aliyoombewa. Walikuwa wameshatengana tangu Oktoba 1953.

Kuna mkia wa Mogambo ambao siwezi kuuacha. Hispania ya Jenerali Franco haikuruhusu uzinzi kwenye sinema, hivyo waliotia sauti za Kihispania wakabadilisha maneno: Grace Kelly na mumewe wakafanywa dada na kaka. Uzinzi ukaondoka. Lakini kaka na dada hao waliendelea kulala hema moja na kupigana mabusu, kwa sababu picha haikubadilishwa, na wakaguzi wa maadili wakajikuta wameingiza jambo zito kuliko lile walilolikimbia. Na ni katika nchi hiyohiyo ndiko Ava alikoamua kwenda kuishi, mwaka 1955, akiwa amechoka na Hollywood.

Kabla ya kuhama alikuwa ameigiza The Barefoot Contessa ya mwaka 1954, iliyopigwa Roma, pamoja na Humphrey Bogart. Yeye ni mcheza dansi wa Madrid anayefanywa nyota na asiyependa viatu, nami nashangaa ni wangapi waliokumbuka Grabtown walipoiona. MGM ilimwazima kwa bei kubwa na kumpa sehemu tu ya fedha hizo. Kisha ikaja Bhowani Junction ya mwaka 1956, iliyopigwa Lahore na kuongozwa na George Cukor, ambamo aliigiza chotara wa Kihindi na Kiingereza wakati ukoloni unafunga virago. Studio ilimpokonya Cukor filamu na kuihariri upya, jambo lililomsikitisha. Bado naiona kuwa mojawapo ya kazi zake bora, ingawa kwa mara ya pili mwanamke wa damu mbili aliigizwa na mzungu aliyepakwa rangi, na hilo halifutiki kwa uzuri wa kazi.

Madrid ilimpa uhuru na usiku mrefu. Mapema miaka ya 1960 jirani yake wa chini alikuwa Juan Perón, rais wa Argentina aliyepinduliwa, na majirani hao hawakuelewana hata kidogo: Perón alilalamikia kelele za karamu, naye Ava alilalamikia hotuba ambazo mzee alizifanyia mazoezi kwenye baraza. Mwaka 1957 alijaribu kucheza na ng'ombe dume akiwa juu ya farasi katika shamba la mpiganaji mmoja wa ng'ombe, akaangushwa na kuumia shavuni. Kwa miezi mingi aliogopa kwamba uso umekwisha. Mwaka huo pia talaka ya Sinatra ilikamilika. Mwaka 1959 akaenda Melbourne kwa ajili ya On the Beach, hadithi ya watu wa mwisho duniani baada ya vita vya nyuklia, na dunia nzima ikasoma kwamba alisema Melbourne ndipo mahali hasa pa kupigia filamu ya mwisho wa dunia. Hakuyasema. Mwandishi mmoja wa gazeti aliyatunga, na hadi leo maneno hayo hupachikwa chini ya picha yake.

Nafasi yake kubwa ya mwisho ilikuwa The Night of the Iguana ya mwaka 1964, iliyopigwa Mismaloya, pwani ya Mexico, chini ya John Huston. Ana miaka 41, ni Maxine, mjane mwenye hoteli iliyochakaa juu ya kilima. Nywele zimefungwa ovyoovyo, shati limefunguka, anacheka kwa sauti nene, anatukana, anapika samaki. Anayemwona akijibizana na Richard Burton na Deborah Kerr, wote wawili waliolelewa na jukwaa la Uingereza, atagundua kwamba hawamfuniki. Masikioni mwangu lafudhi ya North Carolina imerudi humo, imetulia kama mtu aliyerudi nyumbani baada ya safari ndefu. Palikuwa na tukio la kuogelea usiku akiwa na vijana wawili, naye akaliogopa kwa ajili ya mwili wake. Huston akavua nguo akabaki na kaptula, akaingia naye majini hadi hofu ikamtoka. Nadhani waongozaji wachache sana walimfanyia kitu kama hicho.

Mwaka 1968 alihamia London, akakaa Ennismore Gardens na mtunza nyumba wake Carmen Vargas na mbwa wake, akifanya filamu pale alipohitaji fedha. Earthquake ya mwaka 1974 ni mojawapo ya hizo, na sina la kuongeza. Mwaka 1986 alipata kiharusi kilichomwacha mkono mmoja haufanyi kazi, na Sinatra, ambaye alikuwa mume wa mwanamke mwingine kwa miaka mingi, akamlipia gharama za matibabu. Ni katika miaka hiyo alipoamua kueleza maisha yake kwa kinasa sauti, akiongea usiku, kwa lugha yake. Alifariki kwa nimonia tarehe 25 Januari 1990, akiwa na miaka 67, na kitabu kikatoka mwaka huohuo. Alizikwa Smithfield, kando ya wazazi wake. Carmen na mbwa wakachukuliwa na Gregory Peck, aliyeigiza naye filamu tatu, wakaenda kuishi kwake California.

Mjini Smithfield kuna jumba la makumbusho lenye jina lake. Mwanzilishi wa mkusanyiko wake, Tom Banks, alikuwa mvulana wa miaka 12 wakati Ava akisoma ukatibu mjini Wilson. Alizoea kuwatania wasichana wa chuo, hadi siku moja mmoja wao akamkimbiza, akamkamata, akambusu shavuni. Msichana huyo hakurudi chuoni mwaka uliofuata, na mvulana akaja kuiona picha yake gazetini. Alikusanya mabango, magauni na picha zake kwa karibu miaka 50.

Na zile nyimbo za Show Boat zilizoondolewa hazikutupwa. Mwaka 1994 MGM ilitoa filamu ya kumbukumbu za hazina yake, That's Entertainment! III, na ndani yake wakaweka tukio la Julie likiwa na sauti ya Ava mwenyewe, miaka minne baada ya kuzikwa kwake. Nimelicheza mara nyingi. Sauti ya Annette Warren ni safi zaidi, inapanda bila shida na kushuka bila shida. Ya Ava inaanzia chini, ina mchanga kidogo, na kwenye noti za juu inasita kabla ya kufika, kama mtu anayepanda ngazi gizani, na Julie wa hadithi, ambaye amebakiza siku chache tu kabla ya kufukuzwa melini, alipaswa kuimba hivyohivyo.